Norbert Kezimana, Fundi Cherehani wa Baraka, na Dawa za Moyo Wake

Ndugu mliokuja kumsindikiza kaka yangu, mimi ni Marie, mdogo wake. Norbert Kezimana alizaliwa Makobola tarehe 12 Mei 1961. Alisoma shule ya msingi palepale, kisha akajifunza ushonaji Uvira.

Tangu 1984 alishona hapa Baraka, na wengi wenu mmevaa uniforme zake za shule. Zote zilikuwa kubwa mno. Mzazi akilalamika, alimjibu, "Mutoto iko nakomea, mama. Shati itamungojea." Mwaka 1987 alifunga ndoa na Félicité Kanyange, wakajaliwa Clarisse, Lionel na Fabien.

Mwaka 2022 moyo wake ulianza kwenda ovyo, mara mbio, mara kama umesahau pigo. Machi 2024 Clarisse, anayeishi Nairobi, alimpeleka hospitali ya kule. Madaktari walipitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, wakachoma sehemu zilizokuwa zikiuvuruga. Walimweleza waziwazi: miezi ya kwanza, kidonda kinapopona, moyo unaweza kuvurugika tena. Asiogope, ila awaambie, na asiache dawa za kuzuia damu isigande. Alielewa. Kaka yangu hakuwa mjinga.

Tukampokea kwa vigelegele, na Jumapili tarehe 14 Aprili akatoa ushuhuda kanisani kwamba amepona. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kila aliyemkuta na vidonge alimuuliza lilelile: "Baba, si ulishuhudia? Sasa hizi dawa ni za nini tena?" Akazifungia kabatini, asizimeze tena.

Juni moyo ukaanza mbio tena, kama daktari alivyosema. Akamwambia mkewe, "Nikisema, batasema nilidanganya Mungu mbele ya kanisa." Félicité alimsihi. Clarisse alipiga simu mara kwa mara, naye akamjibu kwamba ni uchovu tu. Damu iliganda, ikapanda kichwani. Kiharusi kilimchukua tarehe 3 Agosti 2024, nyumbani kwake.

Nimekasirika, na sitaficha. Hakuna hata mmoja wenu aliyemtakia mabaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu sina wa kumlaumu.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu sita na mimi. Bwana ampokee na ampe pumziko. Félicité naye ana dawa zake za presha, anazimeza kila asubuhi. Ninyi mtakaokuja kumfariji, mkimkuta na kidonge mkononi, msimuulize kitu. Mpeni maji.