Barafu ya Papa Valère

Tarehe 31 Julai 1976 Papa Valère Mulumba anazima mashine yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka kumi na tisa katika kiwanda chetu cha barafu hapa Nchelenge. Alivuka ziwa Mweru kutoka Kilwa ya ng'ambo, upande wa Kongo, mwaka 1957, na sanduku moja la vyuma na daftari la kemia la shule ya mapadri. Miaka minne baadaye akawa fundi mkuu.

Nani hajafukuzwa naye mlangoni mwa chumba cha baridi? Hata meneja alifukuzwa. Papa alisema mutu anayeacha mlango wazi anataka kupoza Mweru nzima kwa dizeli yetu. Kila Jumatatu asubuhi alitukusanya mbele ya pande la barafu, akatufundisha. Joto, alisema, hutoka penye moto likaenda penye baridi bila kutumwa; kulirudisha ndiko kunakotaka mashine. Tukamwambia wazee walishasema maji yakimwagika hayazoleki. Alicheka sana, akasema basi wazee hao walisoma kemia.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniumiza.

Oktoba 1973 kamioni ya samaki ilikuwa inaondoka kwenda Kitwe, na mimi, Dominique, karani wa kupakia, nikataka kuonyesha akili. Sisi watu wa ziwa samaki tunamtunza kwa chumvi. Nikaona chumvi na barafu pamoja ni ulinzi mara mbili. Nikamwaga nusu gunia. Kipimajoto kikashuka chini ya sifuri, nikafurahi kama mjinga. Kufika Chembe, kwenye pantoni ya kuvukia mto, barafu yote ilikuwa maji. Kitwe samaki walifika wananuka.

Lawama ikamwangukia Papa, eti barafu yake haikuganda vizuri. Akavuliwa ufundi mkuu. Kamioni iliporudi alionja maji yaliyobaki ndani yake, akanitazama, lakini hakwenda kunishtaki kwa meneja. Mimi nilikuwa nimeoa juzi tu, nikaogopa kazi kuniponyoka, nikanyamaza. Jumatatu iliyofuata somo lilikuwa chumvi na barafu ndani ya ndoo. Alieleza kwamba joto peke yake haliamui; vitu huelekea pia kutawanyika na kuchanganyika, jambo aliloliita entropi, ndiyo maana barafu yenye chumvi huyeyuka yenyewe hata kama ndoo inazidi kuwa baridi. Hakunitazama hata mara moja. Aibu gani ile, jamani!

Miaka karibu mitatu amefanya kazi chini ya watu aliowafundisha yeye. Mke wake, Mama Emilienne, aliwahi hata kuniomba msamaha kwa samaki wale. Alifariki mwaka jana, akazikwa kwao Kilwa, bado akiamini kosa ni la mume wake. Leo asubuhi nimempelekea meneja barua yenye ukweli wote. Nimechelewa, najua.

Papa, asante kwa kila Jumatatu. Sisi sote wa kiwandani tunakuombea afya, usingizi mzuri na wajukuu wengi huko ng'ambo unakorudi. Na ukifika kaburini kwa Mama Emilienne, umwambie chumvi ilikuwa ya Dominique.