Nahodha Tsofa Kadenge, Aliyempigia Papa Hodi

Wapendwa mliofika kumsindikiza, familia inawaomba mtulie tuwasomee maisha ya Nahodha Tsofa Kadenge Chonga, na mwenye kulia alie, ingawa yeye mwenyewe alipenda zaidi kusikia watu wakicheka.

Nahodha Tsofa alizaliwa tarehe 9 Agosti 1963 huko Rabai, mtoto wa nne wa Mzee Kadenge Chonga, akaanza masomo huko huko, kisha mwaka 1974 akaletwa kwa shangazi yake hapa Tononoka, ambako alimaliza darasa la saba na kujifunza kuogelea kwa kutoroka, jambo ambalo shangazi alikuwa akiligundua kwa kumlamba mkono na kuukuta una chumvi.

Mwaka 1984 aliajiriwa na Bwana Kaizar Adamji wa Kibokoni, Mji wa Kale, mwenye duka la kamba na nanga na boti ya kupeleka watalii kuzamia, akaanza kama baharia, na kufikia mwaka 1996 akawa nahodha. Tarehe 14 Desemba 1991 alifunga ndoa na Everlyne Kanze, wakajenga Likoni na kujaliwa mabinti wawili, Winnie na Ketty.

Sasa tufike kwa papa shilingi, yule papa mkubwa mpole mwenye madoa mgongoni kama sarafu, ambaye wageni walipoanza kumpenda, wenye boti walianza kumwinda, wakimzingira kwa mashine, wakimmwagia uduvi, vile vikamba vidogo anavyovila, ili asiondoke, na kuwaacha wageni wamshike mapezi wapigwe picha. Nahodha Tsofa alikataa katakata, akasema papa ana kwake, na kwa mtu huingii bila hodi. Alizima mashine mbali, akashusha wageni wachache majini, wakaelea bila kumfuata, wakasema hodi na mipira yao ya kupumulia mdomoni, papa akija wamekaribishwa, akizama mwenye nyumba hataki wageni, na muungwana asiyeitikiwa hodi hurudi kwao.

Basi wakawa wanarudi patupu, wageni wakahamia boti nyingine, na Bwana Kaizar, ambaye yuko hapa na atatuwia radhi, akamwambia wazi kwamba msimu ule ukiisha hivyo boti itauzwa. Nahodha akajibu iuzwe, lakini uduvi hatamwaga. Mama Everlyne aliogopa, akasema kuwa anaogopa, na asubuhi akamfungia mumewe chakula kama kawaida.

Tarehe 22 Februari 2017 boti tano zilimfukuza papa mmoja mpaka akazama, na boti ya Nahodha Tsofa ikiwa kando, mashine imezimwa, wageni wanaelea kimya, yule papa akaibuka mbele yao na kuwazunguka taratibu, huku wale wa boti tano wakitazama kwa mbali. Kesho yake foleni ya wageni Kibokoni ilifika duka la jirani, na Bwana Kaizar kweli aliiuza ile boti, akanunua kubwa zaidi. Mwaka 2019 wenye boti wote walikutana hapa Tononoka wakaufanya utaratibu wake kuwa sheria yao, na waliompinga zaidi ndio waliomchagua mwenyekiti, akawafunza manahodha wengi, Ketty wake akiwa mmoja wao.

Mei 2024 aligunduliwa kuwa na maradhi ya figo, akatibiwa kwa ujasiri na utani mwingi, hadi tarehe 3 Februari 2025 alipofariki hospitalini, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Likoni ambao hawakutuacha hata siku moja, Bwana Kaizar, na manahodha wote. Tumesikia mmezipanga boti zenu mbele ya ufuo wa Mama Ngina, zipige honi jeneza likipita kuelekea feri ya Likoni, na tumeguswa sana, lakini marehemu aliliona hilo mapema akaacha wasia kwamba honi zisipigwe, kwa kuwa huu ni msimu wa papa. Tafadhali zimeni mashine, na sisi tulio nchi kavu tusimame, tumpigie makofi ya nguvu mpaka aingie garini.

Nahodha Tsofa, umeshinda, sasa pumzika kwa amani.