Kidari cha Elimringi

Mchungaji, mama mjane na watoto, ndugu mliotoka Houston, Plano na Vickery Meadow, wenzetu Wakenya na Wakongo mliojaza viti vya nyuma, naitwa Humphrey Mgonja, nimetumwa na familia kusoma historia ya mpendwa wetu Elimringi Ndetaulwa Lyatuu, kabla hajasafirishwa kwenda kuzikwa kihambani, shamba la ukoo wao. Mimi si ndugu yake wa damu, mimi ni Mpare na yeye ni Mchagga, kwa hiyo ni mtani wake, na wengi wenu mnajua kwamba mwaka jana alinifukuza nyumbani kwake mbele ya watu, tukakaa miezi bila kusemeshana. Najua mnajiuliza nimefikaje hapa mbele, nami nitaeleza jambo hilo likifika zamu yake, maana marehemu alipenda mambo yafuate utaratibu, na alipoona utaratibu haufuatwi alikuwa mtu mgumu kukaa naye chumba kimoja.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1967 katika kijiji cha Nronga, Machame, wilaya ya Hai, mkoa wa Kilimanjaro, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa mzee Ndetaulwa Lyatuu na mama Anaeli, wote wametangulia mbele za haki. Mzee Ndetaulwa ndiye aliyeaminiwa na ukoo kugawa nyama mbuzi anapochinjwa, na kule kwao kila kipande kina mwenyewe, kichwa kina mwenyewe, mguu una mwenyewe, na kidari, yaani nyama ya kifuani, ni cha mkubwa wa shughuli, hapewi mwingine hata awe tajiri namna gani. Marehemu alikua akimshikia baba yake sinia, na aliniambia mara nyingi kwamba hakuwahi kuona watu wanajifungia ndani kujadili kidari aende nacho nani, kwa kuwa jambo hilo lilijulikana tangu mbuzi akiwa bado anakula majani.

Alisoma shule ya msingi kijijini kwao kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, kisha akaendelea na sekondari Moshi mjini hadi kidato cha sita, akafaulu vizuri sana, na hilo nalikubali ingawa ni Mchagga. Agosti 1991 alikuja hapa Texas kusomea uhasibu katika Chuo Kikuu cha Elm Fork, upande wa Fort Worth, na Jumamosi yake ya kwanza wenzake wa bwenini walimpeleka uwanjani kuutazama huu mpira wa Kimarekani, ambao hubebwa mikononi na bado wenyewe wanauita wa miguu. Alirudi amekaukiwa sauti, hakuelewa kanuni hata moja, lakini kuanzia siku hiyo akawa mtu wa Elm Fork, akavaa kofia yao ya kijani kazini, sokoni na, Mchungaji atanisamehe, mara mbili tatu kanisani.

Alipohitimu mwaka 1995 alianza kwa kupakia mizigo uwanja wa ndege, akapanga hapa Irving ili awe karibu na kazi, na mwaka 2001 akapata nafasi ya uhasibu katika kampuni ya bima kule Plano, ambako alifanya kazi mpaka ugonjwa ulipomtoa. Wenzake wa ofisini wapo hapa, na watakubaliana nami kwamba hesabu zake hazikuwahi kurudishwa, na kwamba Jumatatu za msimu wa mpira hakuna aliyemsogelea kabla hajanywa chai, hasa kama timu yake ilishinda na bado ikashushwa kwenye orodha ya ubora ya wiki.

Mwaka 1996, kwenye mkutano wa Watanzania uliofanyika Houston, mwenyekiti alisoma majina ya wageni, likaja la Lyatuu, likafuata la Mgonja, nami nikasimama hapo hapo nikaomba Mchagga apekuliwe mifuko kabla hajakabidhiwa kazi ya kukusanya michango. Yeye akajibu kwamba bora yeye, kuliko Mpare anayeuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku, ukumbi ukacheka, na urafiki ukaanzia hapo. Ilipobainika kwamba mimi nilisoma Greens Bayou, chuo cha Houston, ambacho hukutana na Elm Fork kila Oktoba, tukawekeana desturi, kwamba atakayefungwa Oktoba atasafiri hadi kwa mwenzake Jumapili ile ya Desemba zinapotangazwa timu za michezo ya mwisho wa msimu, siku hizi mchujo wa taifa, atachoma mbuzi kwa mikono yake, na mshindi atakula kidari. Desturi hiyo tuliishika miaka yote, na ninyi wengi mmekula mbuzi huyo bila kuuliza amechinjwa kwa sababu gani.

Tarehe 12 Juni 1999 marehemu alifunga ndoa na Ndeshi, muuguzi, hapa hapa Irving, mimi nikiwa msimamizi, na Mungu akawajalia watoto wawili, Fiona aliyezaliwa mwaka 2001 na Lenny aliyezaliwa mwaka 2004. Alikuwa baba aliyewasemesha wanawe Kiswahili na kujibiwa Kiingereza kwa zaidi ya miaka ishirini, naye hakukata tamaa, alisema maneno yanaingia hata kama hayatoki.

Sasa nifike pale mnapopangoja.

Oktoba 12, mwaka 2024, Elm Fork waliifunga Greens Bayou kwa pointi tatu pale Fort Worth, nasi tulikuwapo wote wawili. Mwisho wa msimu kila moja ya timu zetu mbili ilikuwa imepoteza michezo miwili, nafasi moja ilibaki kati ya zile kumi na mbili za mchujo, na kwa akili ya marehemu, kama kwa akili ya mtu yeyote aliyelelewa kwenye kugawa nyama, hapakuwa na cha kujadili, aliyemshinda mwenzake uso kwa uso ndiye anayepita. Jumapili ya Desemba 8 nilipanda kutoka Houston na mbuzi wangu, nikamchoma uani kwa Lyatuu, nikamwekea kidari kwenye sahani yake, tukakaa mbele ya televisheni na watu wapatao thelathini. Kamati inayochagua timu ikatangaza nafasi ya mwisho, ikasema ni Greens Bayou, na Elm Fork wakawa wa kwanza kuachwa nje, na maelezo yaliyotolewa yalikuwa kwamba ratiba ya Greens Bayou ilikuwa ngumu zaidi na kwamba kwa kuwatazama tu walionekana timu bora.

Mimi nilifanya kile ambacho mtani yeyote mwenye akili timamu angefanya, niliinuka, nikachukua kidari kutoka kwenye sahani ya marehemu, nikakiuma, nikasema, "Kamati imesema." Nyumba nzima ilicheka isipokuwa mtu mmoja. Marehemu alisimama, akafungua mlango, akaniambia nitoke na nisirudi, na hakuwa anatania, nami nikatoka na mafuta ya nyama mkononi. Hapo ndipo alipokosea, na nalisema mbele ya jeneza lake bila wasiwasi, kwa kuwa mtu anaweza kumkasirikia kaka yake, mkewe, hata mchungaji, lakini mtani hakasirikiwi, na mwana wa mzee Ndetaulwa alilijua hilo kuliko mimi.

Kesho yake hakwenda kazini. Alikwenda kwenye hoteli ile karibu na uwanja wa ndege ambako kamati hukutana, akasimama njiani na bango aliloliandika kwa Kiswahili, TULIWASHINDA, maana alisema hasira yake haikukubali kutafsiriwa, na waliopita kwa magari walidhani ni mtu wa injili wakampungia mkono. Dada mmoja Mkenya, Moraa, ambaye anafanya kazi pale na leo yupo nasi, alimtolea chai akamwambia, "Mzee, hao watu wali-check out jana, enda tu nyumbani." Akanywa chai, akamshukuru, akasimama mpaka saa kumi na moja jioni. Sisi Wapare ndio tunaosemwa kwa kupenda kesi, lakini sijawahi kumjua Mpare aliyeishtaki hoteli tupu.

Mwezi Februari mwaka huu marehemu alianza kulalamikia tumbo na kupungua uzito, akapimwa katika hospitali moja ya Dallas, ikagundulika ana saratani ya kongosho, na ilikuwa imekwisha kusambaa. Ndeshi alinipigia simu siku hiyo hiyo, nikataka kuja, lakini marehemu alisema hataki kuona mtu wa Houston, na mimi nikajisemea kwamba simuombi radhi mtu aliyenivunjia utani. Zikapita Aprili, Juni na Agosti tukiwa hivyo, mzee wa miaka hamsini na nane kitandani na mzee wa miaka hamsini na tisa umbali wa saa nne barabarani, tumenuniana kwa ajili ya vijana wa miaka ishirini ambao hata hawatujui. Niliumia sana miezi ile, na sitajifanya vinginevyo.

Jumamosi ya Oktoba 18 Greens Bayou waliifunga Elm Fork, mchezo ukichezwa Houston, na sikumpigia mtu simu. Jumapili mchana niliona gari la Ndeshi limesimama mlangoni kwangu, akashuka peke yake na sahani iliyofunikwa kwa karatasi ya jikoni, akanikabidhi, nikafunua, nikakuta kidari cha mbuzi. Akanieleza kwamba alfajiri mumewe alidai ashushwe uani, akakaa kwenye kiti akiwa na blanketi, akamchoma mbuzi kwa mkono wake, akakata, akasema kipelekwe Houston kikiwa na moto kadiri gari litakavyoweza. Mbuzi wetu alikuwa wa Desemba siku zote, hakuwahi hata mara moja kuchomwa Oktoba, na hakuna aliyehitaji kunifafanulia kwa nini safari hii kidari kimewahi. Nililia pale mlangoni, Ndeshi akiwa ameshika mkoba wake, kisha nikachukua funguo, nikalifuata gari lake mpaka Irving.

Nilimkuta amelala sebuleni amevaa kofia yake ya kijani, akaniuliza, "Kimeiva?" nikamjibu chumvi haikutosha, kama kawaida ya Wachagga kubania hata chumvi, akacheka mpaka Fiona akakimbilia kumshika. Hatukuombana radhi, watani hawana hiyo. Kila wikiendi baada ya hapo nilikuwa kwake, tukitazama michezo na kuitukana orodha ya ubora kila ilipotoka, yeye akiongoza.

Marehemu aliaga dunia Ijumaa, Desemba 5, 2025, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake, mkewe na wanawe wakiwa wamemshika, siku mbili kabla ya kamati kutangaza.

Kamati yetu ya mazishi ilipokutana kupanga wasemaji, nafasi zilikuwa nne, na mimi nikawa wa tano. Mwenyekiti wetu, Bwana Kigen, jirani mwema ninayemheshimu, alinieleza kwa upole kwamba, "Tume-consider watu wa Houston vizuri sana, lakini list iko full," akataja uzito wa undugu na umbali wa makazi, na nilihisi, kwa mara ya kwanza maishani, kile ambacho marehemu alikihisi mbele ya ile televisheni. Ndeshi ndiye aliyesema kwamba mumewe alikwisha kuamua tangu Novemba, kwamba historia yake isomwe na Mpare, kwa sababu atasema yote na hakuna atakayeruhusiwa kumkasirikia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza bila kuchoka, wafanyakazi wenzake wa Plano waliochangia siku zao za likizo ili mshahara wake usikatike, wauguzi wenzake Ndeshi waliokuja kumwogesha marehemu baada ya zamu, majirani waliopika, dada Moraa kwa chai ile na kwa kuja leo, Bwana Kigen na kamati yake, pamoja na Mchungaji na kanisa zima. Ambao sikuwataja wasidhani wameshushwa, ni karatasi tu imeniishia.

Limebaki jambo moja ambalo marehemu hakulipata. Elimringi, Jumapili kamati imetangaza. Timu zetu zote mbili zilipoteza michezo miwili, kama mwaka jana, na nafasi ya mwisho wamepewa Elm Fork, sisi tumeachwa nje, sisi tuliowafunga Oktoba, na sababu waliyoitoa ni kwamba kwa kuwatazama tu ninyi mnaonekana timu bora. Nimeshika simu kama mwendawazimu siku nzima nikitaka kugombana na mtu, na mtu mwenyewe ni wewe.

Basi wafiwa, baada ya ibada chakula kipo ukumbini, yupo na mbuzi, nimemchoma mimi tangu alfajiri, na kwenye meza ya mbele kuna kiti chenye kofia ya kijani na sahani ambayo naomba mtu asiiguse. Kwa haki ya uwanjani kidari kile ni changu, na marehemu mwenyewe alilikiri hilo kwa mkono wake. Lakini kamati imesema, Mmachame. Kidari ni chako, safari hii nimetia chumvi, pumzika kwa amani.