Mzee Milimita na Kalipa Isiyorudi Stoo

Miaka thelathini na mmoja na miezi minne: huo ndio muda ambao mtunza stoo yetu ya vifaa vya kupimia aliitumikia karakana hii ya pampu, hadi alipostaafu rasmi Ijumaa, tarehe 28 Juni. Wengi wetu hatulijui jina lake la kwenye faili. Tunamjua kama Mzee Milimita, na mimi mkerezaji, niliyegombana naye kupitia dirisha la stoo kwa miaka kumi na tisa, ndiye niliyepewa kazi ya kumwandika.

Alianza kama mfagiaji. Mwaka wake wa tatu aliokota maikromita, kifaa cha kupimia unene, chini ya mashine, akaifuta mafuta, akaitafutia kisanduku chake na kuipeleka kwa msimamizi. Msimamizi akamkabidhi funguo za stoo siku hiyohiyo. Tangu hapo hakijapotea kifaa hata kimoja. Kanuni yake ilikuwa moja tu: kifaa cha kupimia hakilali nje. Ikigonga saa kumi na nusu jioni, amesimama mbele yako na daftari la kuazima. Meneja mwenyewe aliwahi kujisahau akaenda nyumbani na rula ya chuma mfukoni, akapigiwa simu airudishe kabla hajala. Kuna waliomwita mkono wa birika. Mimi nilikuwa wa kwanza, na hapa naomba radhi.

Alitufundisha pia kuanza na kumi. Tepu zetu za chuma zimechakaa ncha, kwa hiyo kila fundi hapa huweka alama ya kumi mwanzoni mwa kitu anachopima, kisha hutoa sentimita kumi kwenye jibu. Ukiajiriwa karakana hii, unajifunza hilo kabla ya kuonyeshwa choo.

Mwaka jana alitutangazia kwamba anajenga reli uani kwake. Tangu utotoni alitamani kuendesha treni, akaishia kwenye pampu. Wala si treni za kuchezea mezani: injini yake ina urefu wa mkono mzima, na paka wa jirani huipisha njia. Alimwahidi mkewe, ambaye ni mshonaji, kwamba treni itakamilisha mzunguko wa kwanza siku yake ya kwanza ya kustaafu. Hapo ndipo vituko vilipoanza, maana mtu aliyetunza vifaa mia mbili na kumi na vinne vya kupimia hakuwa na hata kimoja nyumbani.

Alianza na tepu ya kitambaa ya mkewe. Ilikuwa imevutika kwa miaka ya kuzungushwa viunoni mwa watu, na kuta mbili za kituo kidogo cha treni zikakataa kulingana. Akahamia kwenye rula ya plastiki ya shule, ambayo alama zake zilikuwa zimefutika. Duka la vifaa vya ujenzi likampatia pima maji nzuri, na anasisitiza kwamba anayeanza reli za uani anunue hiyo kwanza, kwa sababu injini nzito haipandi mwinuko kwa maombi. Mwishowe akanunua tepu mpya ya chuma, yenye ncha timamu, na hapo ndipo alipoharibu kabisa. Alipima mtaro unaokatiza ua, kuanzia sifuri, akapata sentimita tisini kamili, na mazoea yakamtolea kumi bila kumwuliza. Akajenga daraja la themanini. Likatumbukia mtaroni majirani wakitazama. Mkewe alisema kwamba yeye angekata suruali kwa hesabu hizo, mtaa mzima ungevaa kaptura.

Daraja alilijenga upya. Kilichomshinda ni magurudumu. Nafasi kati ya gurudumu na mwenzake ikikosewa kwa nusu milimita tu, behewa linaacha reli kwenye kona, na rula haipimi vizuri hapo. Inatakiwa kalipa, kile kifaa chenye taya mbili kinachosoma hadi sehemu ndogo kabisa za milimita. Alizozikuta madukani zilicheza kama jino bovu. Wiki yake ya mwisho kazini alikuwa amenyong'onyea: mabehewa matatu kati ya manne yalikuwa yanaanguka, na ahadi ilikuwa ya Jumamosi. Nilimshauri aazime kalipa ya stoo kwa siku mbili tu. Alinitazama kama niliyemtukania mama yake.

Tukakumbuka sanduku la vifaa vilivyokataliwa. Ndani yake mlikuwa na kalipa namba 17, ambayo yeye mwenyewe aliikagua mwaka juzi, akaikuta inakosea sehemu tano za mia za milimita, akaifunga kikaratasi chenye mwandiko wake: haifai kwa kazi yetu. Kwa pampu haifai kweli. Kwa treni ya uani inatosha na kusaza. Meneja akatia saini itolewe.

Ijumaa mchana tulimkabidhi. Akaikataa, kama tulivyotarajia, akiuliza imeandikwa wapi. Tukamfungulia daftari lake mwenyewe. Namba ya kifaa ilikuwepo, jina lake lilikuwepo. Kwenye safu ya tarehe ya kurudisha, ambayo hakuwahi kumruhusu mtu aiache wazi, meneja alikuwa ameandika neno moja: "Hairudi." Alilisoma mara mbili, akavua miwani, akalia, na sisi tukalia naye. Kisha akadai kisanduku chake, maana kalipa haibebwi hivihivi.

Jumamosi saa nne asubuhi mkewe alinipigia simu. Mabehewa yote manne yalikuwa yamezunguka ua na kuvuka daraja bila kuanguka hata moja, na chai ya mume wake ilikuwa inapoa mezani.

Asante, Mzee Milimita, kwa kutulindia vipimo na kutuvumilia. Tunakuombea afya njema, reli zisizopinda na mwenzi asiyechoka kukushikia ncha ya tepu. Stoo tutaifunga saa kumi na nusu, kila kitu kikiwa ndani. Nawe huko nyumbani, tafadhali, anza na sifuri.