Kezia Trotman na Mkono wa Siku ya Nane

Wasifu huu wa marehemu Kezia Trotman umeandikwa na bintiye, Ruth. Marehemu mwenyewe alisomewa mara mbili akiwa kitandani, akafutisha kila mahali alipoona amesifiwa mno. Kilichobaki ndicho mtakachokisikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Februari 1771 katika shamba la Long Mead, hapa hapa Nibcombe, mkoa wa Gloucester, akiwa mtoto wa tano wa Abel Vick na mkewe Hester. Mwaka 1776 ndui iliingia nyumbani kwao ikaua ndugu zake watatu. Yeye ilimkosa kwa kuwa alikuwa amepelekwa kwa shangazi yake Judith, mkamuaji wa ng'ombe, na huko ndiko alikokulia.

Shule alisoma misimu miwili ya baridi. Kusoma alijua, lakini kuandika kulimtoa jasho hadi uzeeni. Elimu yake hasa aliipata kwenye kigoda cha kukamulia. Shangazi alimfundisha kwamba chuchu za ng'ombe hutoka vidonda vya namna mbili. Vya kwanza ni vyeupe, hukauka upesi na havimkingi mtu na lolote. Vya pili vina ubuluu pembeni na vimebonyea katikati, navyo vikimwambukiza mkamuaji humuuma mpaka kwapani. Huyo hata alale kitanda kimoja na mgonjwa wa ndui, haimpati. Kezia aliambukizwa hivyo vya pili akiwa na miaka kumi na minne, akalia juma zima.

"Lia tu, mwanangu," shangazi alimwambia. "Unapona ugonjwa ambao hujaugua."

Alikamua na kutengeneza jibini kwa miaka arobaini na mbili. Aliweza kuonja kipande akataja ng'ombe gani aliyekula vitunguu pori, na mara nyingi hakukosea. Mwendesha mkokoteni aliyekuja kuchukua jibini hizo, Giles Trotman, alianza kufika hata siku ambazo hakukuwa na mzigo. Walifunga ndoa tarehe 6 Oktoba 1793. Walizika wana wawili wachanga, kisha mwaka 1796 wakajaliwa Ruth, na baada yake hawakupata mwingine.

Tarehe 17 Machi 1801 tabibu Pegler alikuja kijijini na ile chanjo mpya ya ndui iliyokuwa gumzo la nchi nzima. Alichukua majimaji kwenye kiwele cha ng'ombe wa jirani ili awachanje watoto kumi na mmoja. Kezia aliinama akatazama chuchu.

"Bwana Pegler, hii siyo yenyewe. Hii ni ile nyeupe."

"Bibi, wewe kamua, mimi nitibu. Kila mtu na kazi yake."

Watu walicheka, na mumewe akatamani ardhi immeze. Kezia alimshika Ruth mkono wakarudi nyumbani bila kuchanjwa. Waliobaki walisema ana wivu, kwamba mwanamke wa maziwa anataka kuitwa tabibu.

Mwezi wa Mei askari mmoja alifikia nyumba ya wageni akiwa na ndui. Watoto waliochanjwa waliachwa wacheze barabarani, maana wazazi waliamini wamekingwa. Tarehe 9 Juni alifariki wa kwanza wao, Phebe, mtoto wa pekee wa Tamar Hobbs, akiwa na miaka minne. Siku tatu baadaye Kezia alisikia kwamba vile vidonda vya kweli, vyenye ubuluu, vimempata msichana mmoja mkamuaji huko Cold Elm. Alimbeba Ruth mgongoni maili kumi na moja, akamchanja kwa sindano ya kushonea, kwa majimaji ya kidonda cha mkononi mwa yule msichana, akarudi naye siku hiyo hiyo.

Siku ya nane, Ijumaa tarehe 19, lengelenge la Ruth lilikuwa limeiva, lina ubuluu pembeni. Kesho yake lingechafuka na lisingefaa tena, na yule msichana wa Cold Elm lake lilikuwa limeshakauka. Katika Nibcombe nzima mkono uliokuwa na majimaji ya kuchanjia ulikuwa huo mmoja. Asubuhi hiyo Bwana Pegler alisimama mlangoni na kofia mkononi, na nyuma yake wazazi na watoto kumi.

Wakati ule watu wengi waliamini kwamba lengelenge likikamuliwa, mwenye mkono hupoteza kinga yake. Giles aliziba mlango kwa mwili wake.

"Kezia, tunaye huyu mmoja. Hawa ndio waliokucheka."

"Nawajua walionicheka," alisema, kisha akamgeukia tabibu. "Niambie ukweli. Kinga imo mwilini mwake, au imekaa kwenye hilo lengelenge?"

"Sijui, bibi. Juzi nilisema najua, na mmeona."

Tamar Hobbs alikuwa kwenye ua. Hakuwa na mtoto wa kumleta, na hakuna aliyejua amefuata nini. Alipita katikati ya watu, akaketi kwenye kigoda, akampakata Ruth na kuushika mkono wake usitikisike.

"Mpishe tabibu, Giles," alisema Kezia.

Walichanjwa kumi. Kwa yule wa mwisho lengelenge lilikuwa limebaki bapa, na ikabidi likamuliwe mara ya pili huku Ruth akipiga kelele. Usiku Ruth alipata homa. Kezia alihesabu siku kumi na nne, kila asubuhi akimkagua kichwani, mdomoni na kwenye nyayo kutafuta kipele cha ndui. Giles hakusema naye neno mpaka siku ya kumi na tano. Hakikutoka hata kimoja. Kati ya wale kumi alifariki mmoja, ambaye ndui ilikuwa imeshamwingia.

Tangu hapo Bwana Pegler hakumchanja mtoto hapa bila kumwita Kezia atazame kwanza, na alifanya hivyo mpaka alipofariki.

Marehemu alianza kuvimba miguu na kubanwa na pumzi mwezi wa Septemba mwaka huu. Tarehe 27 Oktoba aliagiza Tamar aitwe, akamwambia mbele ya Ruth jambo alilolificha miaka thelathini na minane. Siku ile ya Machi, Tamar alimfuata langoni akamuuliza kwa siri kama ile chanjo ni salama. Kezia, akiwa bado anaungua kwa aibu ya kuchekwa, alitazama chini akajibu, "Kamuulize tabibu. Mimi mkamua ng'ombe tu."

Tamar alimfunika miguu vizuri.

"Najua, Kezia. Nilikuwepo. Ile Ijumaa ya Juni nilikuja kumshika Ruth ili nione kama utatazama chini tena."

Marehemu aliagiza hayo yasomwe na yasifutwe. Alifariki Jumapili tarehe 3 Novemba 1839, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na minane.

Ametanguliwa na mumewe Giles. Ameacha binti mmoja, Ruth, mkwe mmoja, wajukuu sita, na Tamar Hobbs, aliyeuosha mwili wake na ambaye familia imemwomba aketi leo mahali pa dada wa marehemu.

Mungu ampokee Kezia na ampe pumziko la amani.