Nilivyovuta Bangi na Mwili Wenye Njaa

Wanakikundi wenzangu, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Mliotoka kanisani asubuhi nawasalimu, mliotoka kuswali nawasalimu, na wale ambao bado hawajui waelekee wapi nawasalimu zaidi, maana nilikaa kundi hilo muda mrefu. Katibu wetu amekuwa akinifuata tangu mvua za kwanza nisimame hapa mbele, nami kila mara namwambia ulimi wangu mzito. Leo mke wangu kaninyooshea shati bila kuombwa. Nikajua wameshaongea wao wawili, sina pa kutorokea.

Sitamtaja mtu kwa jina. Mkimtambua mtu, mtambueni kimoyomoyo.

Mimi nilikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kwenye karakana ya shirika la umma hapa mjini. Nilikuwa nimepanga mtaa wa Ipagala, chumba na ua, na mke wangu na binti yetu mdogo. Mke wangu ni Msandawe, kwao ni Kondoa kule ndani. Lugha yao mnaijua, ile yenye vidoko vya ulimi. Alinipa jina la kwao linaloanza na kidoko, na akiniita kutoka uani mtaa mzima ulikuwa unacheka, kwa sababu mimi mwenyewe siwezi kulitamka. Hebu fikirini, mtu kuwa na jina ambalo ni mtu mmoja tu duniani anayeweza kumwita kwalo.

Ndipo ikaja miaka ya ruksa. Mnakumbuka. Tulikuwa tumezoea kupanga foleni ya sukari, mara maduka yakajaa sabuni za kila rangi, redio za kaseti, viatu vya mitumba vilivyong'aa kuliko vipya. Lakini miaka hiyohiyo mashirika yakaanza kupunguza watu. Tukakusanywa karakanani, yakasomwa majina, na langu likasomwa. Vitu vimejaa dukani, mimi natazama kwa nje.

Nikaenda kugonga kokoto, kule vilimani nyuma ya mji. Hiyo kazi asiyeifanya asiisimulie. Jiwe linarudisha jua usoni, vumbi linaingia kifuani, nyundo inakula kiganja. Huko nilimkuta mtu wa Kongwa, mcheshi, mwimbaji wa kazi. Yeye ndiye aliyenipa bangi mara ya kwanza. Hakunilazimisha. Alinitazama nikihema, akasema, "Kaka, vuta kidogo, jiwe litalainika."

Ndugu zangu, nikiwadanganya hapa mtajua, kwa hiyo nasema kweli: mwanzoni ilikuwa tamu. Jua lilisogea mbali. Nyundo zetu zikawa kama ngoma, huyu anapiga, yule anaitikia. Nilirudi nyumbani na njaa ya fisi, namkuta mke wangu ameshasonga ugali wa uwele, mlenda umetiwa karanga, na siku nyingine kuna maziwa ya mgando kutoka kwa jirani mfugaji. Nakula, nacheka, binti yangu anapanda mgongoni. Mke wangu aliniambia mara moja tu, "Unanuka majani." Nikamwambia ni moshi wa kuni. Akanitazama, akaniongezea mboga.

Basi mama mkwe akaanguka akavunjika nyonga. Mke wangu ni binti pekee, ilibidi aende kumuuguza. Akamchukua na mtoto. Aliponiaga pale stendi nilimuuliza, utarudi lini? Akasema, "Mama akisimama." Nani anaweza kujua mama wa mtu atasimama lini?

Hapo ndipo nilipoanza kushuka, na sikujua kama nashuka. Nilinunua sembe nyeupe, ile iliyokobolewa mpaka inateleza mkononi kama poda, maana ndiyo iliyokuwa fahari wakati ule. Asubuhi chai ya rangi. Mchana ugali na chumvi, nikipata pilipili namshukuru Mungu. Jioni mara nyingi nalala bila kitu tumboni, nimevuta, njaa imenipita juujuu. Mlenda nitachuma wapi mimi, na nani anione mwanamume nimeinama kwenye majani? Ndivyo nilivyowaza. Ujinga mtupu.

Na bangi ikageuka. Majani yaleyale, kutoka kwa mtu yuleyule, lakini nikivuta moyo unakimbia kama umefukuzwa. Nilikuwa nasikia mke wangu akilia nyuma ya ukuta. Natoka nje, hakuna mtu, kuku tu wanapekua. Rafiki yangu wa Kongwa akicheka, nilidhani ananicheka mimi. Siku moja nilishika nyundo nikamtazama kisogo, nikaogopa nilichokuwa nafikiri, nikaiweka chini nikaenda kukaa mbali.

Mngedhani ningeacha. Wapi! Nilivuta zaidi. Nilikuwa natafuta ile jioni ya mwanzo, ugali wa uwele, mtoto mgongoni, sauti ile inayoniita kwa kidoko. Nilidhani iko humo ndani ya moshi, nimeipita kidogo tu, nikivuta tena nitaifikia.

Kisha mwili ukaanza. Ulimi ukawa mwekundu kama nyama mbichi, chai ikawa moto mdomoni. Nyayo zikawaka. Tumbo likaharisha, likatulia, likaharisha. Na ngozi ya shingoni na mikononi, pale jua linapopiga, ikawa nyeusi, ngumu, ikapasukapasuka kama mtu aliyevaa mkufu wa magamba. Nikakonda.

Miaka ile mtu akikonda na kuharisha na ngozi ikabadilika, nani alihitaji kuambiwa ni nini? Watu waliacha kukaa karibu nami. Jirani aliyekuwa ananiazima kikombe akakiacha kwangu moja kwa moja, akasema, "Kaa nacho tu." Nilielewa. Nami nikajihukumu kama walivyonihukumu. Nikasema, ndio huu, ugonjwa ule. Sikwenda kupimwa. Niliona ni heri nife na wasiwasi kuliko niishi na uhakika.

Mke wangu alikuwa ananitumia salamu kwa watu wa basi la Kondoa. Mama anaendelea, mtoto anakusalimia, je nije? Nikamjibu kwa mdomo wa haohao: usije, kazi imenibana. Akauliza tena. Nikajibu tena: usije. Na kila nikijibu hivyo, jioni nakaa kwenye tofali langu nje, natazama upande wa barabara ya Kondoa, namtamani ashuke. Hiyo ndiyo njaa iliyonila mimi, ndugu zangu. Kumkataza mtu kwa mdomo huku roho inampigia magoti aje.

Alikuja. Ilikuwa mchana, nimelala mkekani. Nikasikia kidoko uani. Nikasema, haya, bangi imeshaanza. Kikapigwa tena. Nikafungua macho, amesimama mlangoni, mzigo kichwani, mtoto kamshika kanga.

Nikamwambia, "Usinishike. Nina ugonjwa ule."

Akatua mzigo. "Umepimwa?"

"Sijapimwa. Si unaniona?"

"Nakuona. Ninachouliza ni kama umepimwa."

"Nilikwambia usije."

"Uliniambia mara mbili," akasema. "Wewe mwanamume ambaye nikienda kisimani unauliza mbona umechelewa. Ukasema usije mara mbili. Ndipo nikajua lazima nije." Akachuchumaa, akanishika hii shingo, hapa penye magamba, kwa mkono mzima. Akasema, "Inuka tuoge, twende."

Sikulia muda wote wa ugonjwa. Nililia hapo, mtoto wangu akinitazama.

Tukaenda kituo cha afya. Alikuwepo mganga mmoja, mama mtu mzima. Nikampa shikamoo, akaitikia huku ameshaanza kunitazama mikono. Akasema, "Toa ulimi." Nikautoa. "Shingo." Nikamwonyesha. Akauliza, "Unakula nini?"

"Ugali."

"Wa nini?"

"Sembe."

"Na nini?"

Mke wangu akanigeukia. Nikasema, "Na chumvi."

Mganga akaweka kalamu chini. Akasema damu yangu ataipeleka ikapimwe, kwa sababu kudhani si kupima. Lakini alichokiona kwa macho kilikuwa mwili uliokosa vitamini, hasa zile za kundi B. Akasema mtu akila sembe tupu muda mrefu huharibika ngozi, tumbo, na mwisho akili. Nikamuuliza, akili vipi? Akasema, "Hukosa usingizi. Huogopa bila sababu. Husikia vitu."

Mke wangu, ambaye nilidhani nilimdanganya kwa moshi wa kuni, akasema, "Mwambie mama na habari ya majani yako."

Nikasema yote. Mganga hakunifokea. Nikamuuliza, sasa ni bangi au ni chakula? Mbona mwanzo ilikuwa tamu, na baadaye ikawa jinamizi? Akasema, "Kaka, sitakuambia kitu nisichokijua. Siwezi kuchukua kisu nikagawanya, hapa bangi, hapa vitamini. Lakini mishipa ya fahamu inahitaji vitamini kama taa inavyohitaji mafuta. Wewe ulikuwa unatetemeka tayari, kisha ukamtia hofu mtu anayetetemeka. Huenda ndiyo sababu ikawa mbaya hivyo. Na usitoke hapa ukasema vitamini ni dawa ya bangi. Nimeona watu wanakula nyama na mayai, na bangi imewavuruga vilevile."

Naona wengine mnacheka huko nyuma. Ndiyo, msije mkatoka hapa mkasema mwenzetu kasema tule mlenda ili bangi iwe tamu!

Akanipa vidonge. Akamwambia mke wangu, karanga, maharage, maziwa, mayai yakipatikana, dagaa, mboga za majani, na unga usiokobolewa. Mke wangu akasema, "Mzigo niliotoka nao kwetu una uwele, karanga na mlenda mkavu." Mganga akacheka mara ya kwanza.

Ulimi ulipona mapema. Kisha hofu ikaanza kupungua, kama maji yanavyoshuka kwenye lambo wakati wa kiangazi, huoni yakishuka, unaona tu ukingo. Nikalala usingizi. Magamba yakadondoka, ngozi mpya ikatokea chini yake, laini kama ya mtoto. Majibu ya damu yakaja: sina ugonjwa ule. Na hapa nataka niseme jambo, maana wapo humu walio nao, na ni ndugu zetu. Mke wangu alinishika shingo kabla ya majibu. Hata majibu yangekuwa mengine, mkono ule ulikuwa umeshanishika.

Sasa sikilizeni, maana ushuhuda wangu hauishii kituo cha afya. Nilipopata nguvu nikarudi kwenye kokoto. Na shetani ni mwerevu, akanijia na hesabu nzuri: mwili sasa umejaa, hofu imekwisha, basi na ule utamu wa mwanzo utarudi. Rafiki yangu alifurahi kuniona. Tukakaa kivulini kwenye mwamba, nikavuta.

Hofu haikuja. Moyo ulitulia. Lakini na utamu haukuja. Mdomo ulikauka, na macho yangu yakageuka yenyewe upande wa barabara ya Kondoa. Nikamtamani mke wangu kwa uchungu uleule. Nikakaa hivyo kitambo, namsubiri ashuke kwenye basi. Mpaka nikakumbuka: mke wangu yuko nyumbani! Yuko Ipagala, anapepeta uwele, na mimi nipo huku mlimani namlilia.

Nikainuka. Rafiki yangu akauliza, "Mbona mapema, kaka?" Nikamwambia, "Nakwenda nyumbani, nimemkumbuka mke wangu." Akacheka sana. Akasema, "Huyo unayelala naye?" Nikasema, huyohuyo.

Sijavuta tena. Si kwamba sikutamani, nimetamani, hasa msimu wa joto na vumbi. Ila najua sasa ninachokitamani ni nini na kiko wapi.

Namshukuru mganga yule, ambaye hakunitisha na hakunidanganya. Nakishukuru kikundi hiki, mlionipa nafasi ya kuchomelea madirisha ya darasa hili tulimokaa, nikashika tena kazi ya mikono yangu. Mama mkwe alisimama, anatembea na fimbo, namshukuru kwa kunirudishia binti yake. Na mke wangu, hapo ulipo, najua hupendi nikusifu mbele za watu. Vumilia.

Ninalowaachia ni hili. Mwenzako akianza kuogopa, kukonda, kusikia sauti, usikimbilie kusema kalogwa, wala bangi tu, wala ugonjwa ule. Muulize anakula nini, na anakula na nani. Kisha mshike mkono umpeleke apimwe.

Na rafiki yangu wa Kongwa. Nilimwambia haya yote, akasema nimekuwa mhubiri. Naye alikuwa anakula sembe na chumvi, ngozi ya mikono ilikuwa imeshaanza kuwa nyeusi. Kabla sijamshawishi akaondoka kwenda machimboni kaskazini, na tangu hapo sijasikia habari zake. Nikipita kwenye kokoto bado nasikia nyundo zinapigwa, lakini hakuna anayeimba. Kama kuna mtu humu ana ndugu anayeelekea huko, ampe salamu zangu amfikishie. Amwambie ile hofu ina dawa. Amwambie aje Ipagala, hatutamuuliza alikuwa wapi. Tutamkaribisha chakula.