Soksi za Banda la Pili

Funga mlango, mwanangu Meneja, kaa chini, na hiyo simu itie mfukoni, maana nikikata roho huku unachungulia simu nitarudi kukuuliza ulikuwa unasoma nini cha maana hivyo. Mkwe wangu, sogea hapa karibu na beseni. Na wewe kitinda mimba, nyamaza, umelia tangu asubuhi na hata hujajua unalilia nini. Nina pumzi ya kusema mara moja tu, kwa hiyo leo nisikilizeni bila kunikatiza, jambo ambalo hamjawahi kulifanya tangu mlipoota meno.

Mali mnaijua: mabanda matatu ya kuku wa mayai, stoo ya chakula, kisima, na nyumba hii ambayo paa lake linavuja juu ya kitanda changu, si juu ya kitanda cha Meneja. Nitafika huko. Kwanza nitasema kinachoniua, kwa sababu jana niliwasikia hapo barazani mkipanga cha kuwaambia watu. Eti Mama alikuwa mzee, Mama alichoka, Mama ameondoka kwa amani. Amani gani? Mtu anayebebwa chooni mara kumi na tano kwa siku ana amani gani? Mama yangu mimi alifika miaka tisini na miwili akiwa bado anagombana na majirani. Mimi sifi kwa uzee, wanangu. Nakufa kwa yai.

Mnamkumbuka yule mtafiti mliyembandika jina la Bibi Ndoo, kwa sababu alikuja kutoka chuo kikuu, akageuza ndoo yangu, akaikalia katikati ya banda la pili siku tisa nzima akitazama kuku na kuandika. Mlicheka mpaka mkashika mbavu. Wewe Meneja ulileta hadi marafiki zako wamchungulie kwenye wavu, mtu mzima na digrii zake anahesabu kuku gani kamdonoa mwenzake. Lakini ni yeye aliyeona tusichokiona sisi, wataalamu wa kujisifu, kwa miaka ishirini: kuku wetu hawakuwa wakorofi, walikuwa wamebanana. Akasema tupunguze idadi, tuongeze viota, tuweke vijiti vya kulalia, tuache kuwakata midomo. Nikafanya, huku nimenuna. Baada ya miezi minne walikuwa wameacha kunyofoana manyoya, na mayai ya kuokota sakafuni kwenye mavi yakawa ya kuhesabika. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia ahsante. Kisha mgongo wangu ukaniangusha, nikakuachia banda hilo, Meneja, na wewe kwa akili zako nyingi ukawajaza kuku upya, ukang'oa vijiti ukajengea uzio wa maua yako. Maua yenyewe yalikufa.

Ndipo zikaja soksi. Kila miezi mitatu Bibi Ndoo alileta pakiti ya soksi nyeupe za kitambaa, na kazi yake haikutaka akili, ndiyo maana niliiacha mikononi mwenu: unazivaa juu ya buti, unatembea banda zima mpaka ukutani na kurudi, unakanyaga kila kilicho chini, unazivua na uchafu wake, unazifunga kwenye mfuko, zinakwenda maabara. Uchafu ndio unaotakiwa. Humo wanamtafuta yule mdudu wa matumbo anayejificha ndani ya yai, na kuku mwenyewe anatamba tu, wala haumwi.

Usiinamishe kichwa, mkwe wangu. Mara ya kwanza nilikuona kwa dirisha hili hili ukizianika soksi zile kwenye kamba, nyeupe pe! Ulikuwa umezifua kwa sabuni na kuzisuuza mara mbili, kwa kuwa uliona aibu nyumba yetu impelekee msomi soksi zenye mavi. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Nikasema, mwanangu ameoa kichwa maji. Nimekudharau miaka miwili kwa soksi zile, na leo nasema mbele ya mumeo Meneja kwamba wewe peke yako ndiye uliyekosea kwa adabu. Yeye alizipita kwenye kamba kila siku. Alijua. Majibu yalipokuja safi akakuambia endelea hivyo hivyo, mke wangu, akaitundika karatasi ya maabara getini, na shule ikaanza kuchukua mayai yetu.

Na mimi nilikuwa na mdomo. Neno moja tu lilitosha, sikulisema, kwa sababu karatasi ile ilinivimbisha kichwa. Mwaka jana jirani wa bondeni alipokuja kulalamika kwamba mjukuu wake ameharisha damu kwa mayai yetu, nilimtukana mbele ya watu nikampungia karatasi usoni. Mkitafuta mtu wa kumdharau katika nyumba hii, anzieni kitandani.

Wiki tatu zilizopita kitinda mimba akaniletea yai la banda la pili, kiini bado kinachuruzika kama ninavyopenda. Uliniletea kwa mapenzi, mama, futa kamasi. Bibi Ndoo akanifuata hospitali, akapima choo changu, akaenda bandani kwa miguu yake akapima cha kuku, mdudu ni yule yule. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mama, zile soksi zilikuwa zinatembea wapi?" Nikageukia ukutani. Kesho yake nikaomba nirudishwe nyumbani.

Sasa shikeni haya. Kabla hamjampigia hata shangazi yenu simu ya msiba, ipigieni shule waache mayai yetu. Banda la pili lisitoe yai hata moja, na kuku wake Bibi Ndoo ndiye atakayesema wafanywe nini. Mwendeeni jirani mkamwombe radhi, wewe Meneja ndiye utakayesema. Na siku ya kunizika mtu asiniongopee, semeni nimekufa kwa yai la kwangu na kwa mdomo wa kwangu. Kisima ni cha kitinda mimba. Stoo na nyumba hii ni za Meneja, pamoja na paa lake. Mabanda matatu anayashika mkwe wangu, nanyi mtakula atakachowapa.

Nipe maji... kidogo. Basi.

Mungu awabariki wote, hata wewe Meneja, ingawa sijui ataanzia wapi. Awape watoto wanaosikia... kuliko nyinyi. Kuliko mimi.

Mkwe wangu, ingiza mkono chini ya mto. Umeipata? Pakiti mpya, nilimwomba Bibi Ndoo mwenyewe. Kavae sasa hivi, nikiwa nasikia. Fungueni dirisha... nataka kusikia kuku wakimpisha. Nenda, mama. Mpaka ukutani... na kurudi. Ukitoka zilete hapa nizione... hivyo hivyo zilivyo...

Usizifue.